Zamu ya Kumlinda Buya

Doha

Mdogo wangu Jillo,

Salamu kwako na kwa wote hapo Ngao. Maji yameshuka shambani? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila nimechoka, na uchovu ndio ulioniandikisha. Sikukupigia kwa sababu wewe simu huiweka spika, nyumba nzima ikasikia. Barua hii isome peke yako.

Mdogo wetu Buya anataka kufa. Aliniambia miezi mitano iliyopita, mafuriko yalipochukua mpunga na mkewe akarudi kwao. Akaniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa. Nilikosea. Tangu hapo nakula simu ikiwa mkononi. Nalinda ghala la watu huku namlinda yeye, peke yangu, ng'ambo ya bahari.

Ijumaa nilipotoka kazini usingizi ulinizidi, simu ikazimika. Kuamka, nakuta alinipigia mara nne. Nikampigia papo hapo.

"Kaka, ulikuwa wapi?"

"Nililala."

"Basi nilienda kwa shangazi. Kanipa samaki, kisha kanisema kwa kukonda."

Nilicheka, halafu nikalia. Nikamwambia peke yangu siwezi tena, Jillo lazima ajue. Akajibu:

"Mwambie. Lakini asije na mahubiri."

Umesikia, mzee wa kanisa? Watakuja wa kusema ni mwoga, karogwa, ana laana. Upuuzi mtupu, na wewe usiwe mmoja wao. Huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hakaripiwi. Nenda leo. Muulize waziwazi kama bado anataka kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha nyamaza, msikilize. Vitu vya hatari visikae karibu naye. Mpeleke hospitali, ukae naye kwenye foleni mpaka aitwe.

Tulipokuwa tunafukuza ndege mpungani, nani alikaa juu dunguni, kwenye jukwaa la kulindia, msimu mzima bila kupokewa zamu? Hata baba alishuka kula. Nasi tupokezane: wewe, shangazi, mimi. Ijumaa na Jumapili ni zangu. Siku nyingine nitazima simu nilale, la sivyo mtakuwa na wagonjwa wawili.

Mama umwambie taratibu, si kwa simu. Shangazi mshukuru kwa samaki yule, hajui alichookoa. Mkeo nisalimie.

Buya akiuliza niko wapi, mwambie kaka ameshuka kula. Ijumaa anapanda.

Kaka yako,
Komora