Rangi ya Marijani Uliyonitumia

Chumba cha mwisho,
Nyumba yenye geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Julai.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kabla hujaninunia, nisamehe. Barua zako mbili ziko hapa mezani, kifurushi nilikipokea tangu Mei, na mimi kimya kama niliyekatwa ulimi. Sina sababu ya maana. Kila nikishika kalamu mwanangu anaamka, na akilala yeye, nalala na mimi kalamu ikiwa mkononi. Hata sasa naandika nimempakata, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Hujambo lakini? Goti limetulia, au bado linakutabiria mvua? Na wajukuu wa huko ughaibuni, wameanza kuelewa Kiswahili chako ukiwagombeza au wanacheka tu? Sisi wazima. Bonge ana miezi kumi na meno manne, na yote manne ameyajaribu kwenye bega langu. Baba yake bado anachomelea mageti, anarudi macho mekundu, ila ni mzima.

Sasa ile rangi ya mashavu. Nilipofungua kikopo nilikaa kitandani nikakitazama tu. Si nyekundu, si ya chungwa, ni marijani kweli, kama zile shanga ulizokuwa unavaa siku za kupamba maharusi. Uliandika kwamba wameitoa kwa majira ya joto ya mwaka huu tu, ikiisha ndiyo basi. Nikaificha juu ya kabati, mbali na Bonge na mbali na mimi mwenyewe.

Ikanirudisha saluni kwako. Unaikumbuka ile feni iliyokuwa inageuka upande mmoja tu, wateja wakagombania viti vya upande huo? Nikiwa mdogo nalala chini ya meza yako, juu ya mataulo. Nilipofika miaka kumi na sita ukanipa ufagio na brashi za kuosha. Mteja wa mwisho akiondoka, unanikalisha mimi kitini. "Njoo bibie, tuone umekua kiasi gani." Unanigusa chini kidogo ya jicho, kidole kimoja tu, halafu tunatafuna karanga tukiwasema wateja. Saa tamu kama zile sijazipata tena.

Kilichonifanya nikishushe kikopo ni hiki. Yule Madamu aliyeichukua saluni ulipoondoka alinipa nafasi moja. Tangu nijifungue, kiti changu cha dirishani msichana mwingine anakitaka, hata taa yake ya kupambia ameshaiweka hapo. Madamu akaniambia Jumamosi atakuja mama wa bibi harusi, nimpambe mimi. Akiridhika, kiti changu. Asiporidhika, nisimlilie mtu.

Mama Mdogo, karibu mwaka mzima sijashika uso wa mtu ila wa Bonge, na huo ni wa kufuta makamasi.

Juzi Ijumaa nikajaribu kwangu kwanza. Nikapaka palepale ulipokuwa unanipaka. Baba Bonge akaingia, akasimama mlangoni.

"Mke wangu, nani kakuchapa kofi?"

"Hujui kitu wewe. Hii ni rangi ya majira ya joto."

"Basi hayo majira yamekuvamia."

Nikamrushia taulo. Lakini alipotoka nikajitazama vizuri, nikaona hakukosea. Nilikuwa nimempaka yule wa miaka kumi na sita, na yeye hayupo tena. Shavu limeshuka, chini ya macho pameingia giza. Nisikufiche, nililia kidogo. Kisha nikanawa, maana Bonge alikuwa ananiangalia.

Jana huyo mama akaja. Ni muuguzi anayekaribia kustaafu, mikono mikubwa, hana maneno mengi. Woga ukanishika, na kosa la Ijumaa nikalirudia vilevile, nikapaka mahali pa msichana. Akajitazama kwenye kioo.

"Binti, nakwenda harusini au nina homa? Kama ni homa niambie, hiyo najitibu mwenyewe."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Msichana wa taa alicheka kuliko wote. Na yule mama naye akacheka mpaka mabega yakatikisika, na hapo nikakusikia wewe kabisa: "Usimpake aliyenuna. Msubiri acheke, shavu litajionyesha lenyewe." Wewe ulikuwa unasimama na brashi hewani, unawauliza wateja habari za mawifi zao mpaka wavunjike mbavu, sisi tukidhani unapenda umbea tu.

Nikafuta kwa kitambaa chenye maji. "Mama, endelea kucheka, usiniachie njiani." Nikagusa pale shavu lilipopanda, juu, karibu na jicho, nikaivuta rangi kuelekea sikioni. Ikakaa kana kwamba amezaliwa nayo.

Akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia. "Mwanangu atanisamehe," akasema, "lakini leo maharusi tuko wawili."

Madamu hakunisifu, watu wa aina ile unawajua. Aliiondoa ile taa dirishani akaiweka pembeni. "Jumatatu saa mbili. Na mtoto usije naye."

Kwa hiyo kesho naanza. Bonge atashinda kwa wifi yangu, nguo zake nimeshazikunja. Nafurahi, na roho inaniuma, vyote kwa pamoja. Mimi ulinilea chini ya meza ya saluni ileile, na wangu haruhusiwi kufika hata mlangoni. Lakini kiti sikiachi. Tutazoea, yeye na mimi.

Nisalimie binamu yangu na mkewe, na wajukuu zako, wale mapacha, uwabusu kwa niaba yangu hata wakikimbia. Baba Bonge anakuamkia. Mungu akuongezee siku, na katika kila siku akuongezee usingizi, maana mimi nimejua thamani yake.

Sasa nisikilize, na usibadilishe kitu kama kawaida yako. Nahitaji ile rangi ya marijani, mbili, kabla hazijaisha madukani. Zikiwa zimeisha, usinitumie nyingine inayofanana nayo. Brashi moja pana ya manyoya laini, mpini mfupi. Kikombe cha mtoto chenye mfuniko na vishikio viwili. Viatu vya Bonge usitume, aanze kutembea kwanza. Na aproni yako ya kazi, ile ya kahawia. Najua uliondoka nayo, maana siku ile niliitafuta saluni nzima nikijifanya nafagia. Usiifue.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Mama Bonge