Siku Niliyomshikisha Singano Kamba

Jumanne. Ukungu mpaka saa nne asubuhi, kisha jua la kuchungulia, kisha ukungu tena. Nimerudi nimelowa hadi magotini, lakini hasira zangu ni kavu kabisa.

Leo nimefanya kazi kutwa nzima na Mwenyekiti Singano.

Nikiliandika jina lake kalamu inataka kutoboa karatasi. Siku zote nilijua nitakutana naye mahali, labda Soni siku ya soko, mbele za watu, nimweleze yake mpaka wauza kabichi waache kazi wasikilize. Kumbe nilikuwa nikutane naye msituni, tuko wawili tu, tumeshika kamba moja.

Wewe daftari hujawahi kuingia msituni, acha nikueleze. Mti mkubwa ukianguka unaacha pengo juu, mwanga unashuka hadi chini. Ofisi ya misitu inataka kujua mapengo hayo yana upana gani na humo ndani kunaota nini, kama ile miti yetu ya mkulo yenye mbao za kunukia inarudi, au ni magugu tu. Basi mimi napigilia kigingi katikati ya pengo na kukaa hapo na dira. Mwenzangu anavuta kamba ya kupimia kwenda ukingoni, anasimama wima chini ya majani ya mwisho, shingo juu, anatulia mpaka nisome. Halafu tunageuza upande mwingine. Ni kazi ya watu wawili, mmoja hawezi.

Ofisi iliomba kijiji kitoe mtu wa kujitolea kushika kamba. Wiki hii kila mwenye mikono yuko shamba la pamoja, wanapanda, kwa hiyo mwenyekiti akajitoa mwenyewe. Kiongozi aonyeshe mfano. Nilimkuta ananingoja mwanzo wa njia, buti za mpira, panga mkononi, beji ya chama kifuani kana kwamba miti nayo inahudhuria mikutano.

Sasa niseme alichonifanyia.

Mama alikuwa akikaa pembeni mwa msitu kwenye migomba aliyoipanda baba, na baba mwenyewe tulimzika humo humo. Ilipotoka amri kwamba waliotawanyika wahamie kijijini, mama alikuwa kitandani, kifua kimembana. Alimtumia Singano ujumbe: nipe siku chache, mvua ipungue. Singano alikuja na mgambo, wakaezua paa mama akiwa ndani. Alisema akimwachia mmoja, kesho kila mtu atakuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa kwenye kambi ya wapimaji wa misitu, mbali, upande mwingine wa wilaya. Dada yangu ndiye aliyekuja kumchukua akamteremsha Magoma, kwenye joto ambalo mama hakulizoea maisha yake yote. Hakupanda tena mlima. Tulimzika kule kule wakati wa masika, mbali na baba.

Watu wananiambia, amri ilitoka juu. Sina ugomvi na ujamaa mimi. Mawe ya shule nimebeba, shamba la pamoja nimelima. Lakini hakuna amri iliyosema paa liezuliwe mvua ikinyesha na mgonjwa yuko chini yake. Hilo Singano alilitunga mwenyewe.

Halafu leo asubuhi ilinibidi nimwamkie. Ni rika la baba yangu, na huku kwetu humpiti mtu wa rika la baba ukiwa umefunga mdomo, hata awe amekufanya nini.

"Shikamoo," nikasema. Lilikuwa chungu kama kwinini.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu!

Nikaanza kumlipiza kidogo kidogo, kitoto kabisa, najua. Palipokuwa na njia nilimwelekeza kwenye miiba. Alipofika ukingoni nilisema bado, arudi, kamba imelegea, aanze upya. Nilimpitisha kwenye tope lililommeza buti moja, akabaki na soksi, akaliopoa, akamwaga maji, akalivaa tena. Nilitaka alalamike. Angelalamika tu ningemfungulia bomba. Hakulalamika. Aliuliza, "Hapa sawa, mwanangu?" na mimi nikaandika namba.

Mchana tulikaa juu ya gogo. Alifungua viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akanisogezea. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa ya kula hata jani lenyewe. Akala, akafuta mikono kwenye suruali, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Na mama je? Hajambo huko Magoma?"

Hajui.

Nimekaa na chuki hii tangu masika, naamka nayo, nalala nayo, na msiba uliishia huko huko Magoma, yeye hajui hata kwamba mama alikufa. Kwake ilikuwa kazi ya asubuhi moja, wakaezua, wakaenda nyumba nyingine.

Ningemwambia, najua kingefuata nini. Angevua kofia. Angesema pole sana, mwanangu, kazi ya Mungu. Na mimi ningelazimika kusema asante, maana pole haikataliwi, hata itoke kwa nani. Angeitoa, ningeipokea, na tungekuwa tumemaliza. Angeshuka mlima mwepesi.

Sikumpa nafasi hiyo.

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimu."

"Aa, nashukuru. Ukimwona mwambie nami namsalimu sana. Mkali yule mama!" Akacheka, akakunja jani lake.

Kufika alasiri tukawa kwenye pengo la mwisho, kubwa kuliko yote. Mkulo mzee uliangukia hapo, ukabomoa na wenzake. Nikapigilia kigingi, Singano akavuta kamba kuelekea kaskazini. Nikatazama juu, kama tunavyotazama siku zote kabla ya kuanza.

Kulikuwa na tawi. Nene kama mwili wa ng'ombe, limevunjika wakati mkulo unaanguka, likanasa kwenye mimea itambaayo na kubaki linaning'inia. Mimea hiyo imeshalifunika kwa majani. Asiyeijua kazi hii angedhani ni sehemu ya mti uliosimama. Singano alilitazama na hakuliona.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa, kabla ya dira, kabla ya kamba, ni kwamba mtu wa kigingi ndiye macho ya mtu wa kamba. Yeye anatazama majani ya ukingoni, wewe unamtazamia kichwa chake. Ukiona kitu unapiga kelele "Toka!" na mwenzako anakimbia bila kuuliza. Mimi niko hai leo kwa sababu mwenzangu mmoja alinipigia kelele hiyo, na nilipogeuka, pale nilipokuwa nimesimama palikuwa pamefunikwa na tawi.

Sikupiga kelele.

Nilisema, "Rudi nyuma kidogo, mzee."

Akarudi.

"Kushoto. Kidogo tena. Hapo hapo. Usitikisike."

Nitaandika kama ilivyokuwa, kwani hapa namdanganya nani? Wakati ule sikuwa na hasira. Nilikuwa na furaha. Mikono ilitulia, kifua kilikuwa chepesi, nilisikia hata ndege. Namba nilishaisoma zamani, lakini niliinamia dira kama mtu anayehangaika nayo, nikamwacha pale, shingo juu, mdomo wazi kidogo, anayatazama majani kwa bidii kama nilivyomwagiza. Niliona koromeo lake likipanda na kushuka akimeza mate. Nikafikiria mama akitazama juu namna hiyo hiyo, kitandani, wakati nyasi za paa zinaondolewa moja moja na mvua inaingia.

Kisha ukungu ukashuka. Ulifunika tawi kwanza, halafu Singano mwenyewe. Nikabaki na kamba tu mkononi. Upande wa pili aliivuta kidogo, kunijulisha kwamba bado yupo.

"Mwanangu, tayari?"

Nilichelewa kumjibu. Sijui kwa muda gani, lakini nilichelewa, na nilikuwa nasikiliza juu.

"Tayari," nikasema mwishowe. "Njoo."

Akatokea kwenye ukungu, mzima, anakunja kamba vizuri kuliko wafanyakazi wetu wengi.

Nikamwambia sikusoma vizuri kwa sababu ya ukungu, kesho turudie upande ule. Uongo. Alikubali, ila akasema ngoja, tusije tukapapoteza mahali hapa. Akakata kijiti kwa panga lake, akarudi na kukichomeka pale pale alipokuwa amesimama, chini ya lile tawi, ili kesho asisumbuke kupatafuta. Kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sikumwambia afanye hivyo.

Kuteremka aliongea njia nzima, kuhusu mbegu za viazi, kuhusu daraja, kuhusu baba yangu alivyojua kucheza ngoma ujanani. Niliitikia inapobidi.

Nyumbani nimemwambia mke wangu Veronika kwamba leo Singano ndiye aliyenishikia kamba. Aliacha kuchochea moto.

"Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Basi vizuri, baba," akasema, na nikaona amefurahi. Tangu masika kila jioni anasali moyo wangu upoe. Anadhani sala imeanza kufanya kazi.

Sikumwambia mengine.

Nimekaa hapa mezani najihesabia haki. Hakuna atakayejua. Matawi yanaanguka kila siku, ndiyo maana tunalipwa kwenda kupima. Mtu wa kujitolea, mgeni wa msitu, bahati mbaya, kijiji kitalia, mimi nitasimama kaburini nimeshika kofia. Nani atamuuliza mtu wa kigingi alikuwa anatazama wapi?

Na mtu asiniambie mama asingependa. Mama yangu? Mama hakusema na shangazi mpaka shangazi akahama kijiji, kisa kuku. Mama angeniuliza kwa nini nimemwita arudi mapema.

Lakini nina mkono huu nilioshikia kamba, na ninausikia bado. Ule mvuto mdogo. Alivuta ili nisiwe na wasiwasi.

Sasa upepo umeanza. Unatoka juu msituni, unatikisa migomba nyuma ya nyumba na kupiga bati. Naujua upepo huu, ndio unaoangusha vilivyonasa. Lile tawi likianguka usiku, kesho tutalikuta chini, tutapima, tutarudi nyumbani, Singano atazeeka na beji yake na mimi sitakuwa nimemuua mtu. Hilo ndilo jambo la kuliomba. Mtu yeyote mwenye akili angeliomba.

Nimeweka kalamu chini, nikafumba macho, nikafungua mdomo niombe hivyo.

"Ee Bwana," nimesema kwa sauti, na yaliyofuata yakanitoka taratibu, kwa kunong'ona, kabla sijayapanga: lishikilie mpaka kesho.

Jikoni Veronika amesikia mwanzo tu.

"Amina," ameitikia, kwa sauti ya mtu aliyengoja muda mrefu.