Waraka Uliokwama kwenye Kompyuta

Jumatatu, 8 Julai 2002
Ukurasa wa tano. Kamati ya barabara inataka kukata mikorosho ya Mpapura. Waraka wetu wa kupinga unasomwa Ijumaa. Natumia kompyuta ya chama cha wakulima. Bi Somoe, karani, alitaka nifungue kwa jina lake na neno lake la siri. Nikakataa. Siandiki chini ya jina la mtu. Nikaingia kama mgeni. Akanieleza kwamba mfumo endeshi ndio msimamizi: unagawa kazi, unapanga mafaili, unajua nani aguse nini. Nikamwambia wasimamizi nimewachoka. Akacheka, akaenda zake Mtawanya kumcheza mwali unyagoni. Yeye ndiye kungwi. Printa iko kwa fundi, huko Lindi. Mashine nimeiacha inawaka.

Jumanne, 9 Julai
Kurasa kumi na moja. Kali. Nimewavua nguo wanakamati wote.

Nikabonyeza kuhifadhi. Mashine imekataa: mgeni haruhusiwi kuweka faili kwenye diski. Tundu la disketi ni bovu. Nakumbuka maneno ya Bi Somoe: kumbukumbu ya kompyuta ni meza, diski ni kabati. Umeme ukikatika, meza inafutwa.

Kila kitu changu kiko mezani.

Jumatano, 10 Julai
Nimebandika karatasi kwenye swichi: MSIZIME. Nimekwenda Mtawanya. Mwanamume haingii unyagoni, na kungwi hatoki mpaka mwali atoke. Jumamosi, basi. Nimesimama nje ya ua kama mdaiwa. Wanawake wamenicheka. Nikamtuma bibi mmoja anipatie neno la siri. Akarudi na jibu:

"Kasema, mwambie Mwalimu jina langu alilikataa mwenyewe. Na neno la siri halipitishwi uani."

Nilikasirika njia nzima. Hasira ya mtu aliyekosa.

Redio imetangaza mgao wa umeme. Kesho saa kumi jioni.

Alhamisi, 11 Julai
Kalamu na karatasi tangu asubuhi. Sithubutu kuinuka. Feni ya mashine inavuma, nami nanakili, mfungwa wa kioo. Matusi yanachosha mkono. Sentensi ya "vichwa vya maboga" nimeiruka. Kisha ukurasa mzima. Kumbe ukurasa wa sita haukutaja mkorosho hata mmoja.

Saa kumi kasoro robo nimemaliza. Kurasa nne. Saa kumi kioo kikawa cheusi. Sikusikitika kama nilivyotarajia.

Ijumaa, 12 Julai
Nimesoma. Hakuna aliyenikatiza. Mara ya kwanza maishani. Kamati itaitembelea mikorosho kabla ya kukata chochote. Si ushindi. Ila miti bado imesimama.

Jumamosi, 13 Julai
Bi Somoe karudi, sauti imemkauka kwa nyimbo. Kaifungua mashine, kaandika jina langu kamili kwenye orodha ya watumiaji, kaniachia kiti.

"Jina lako hilo, Mwalimu. Neno la siri chagua mwenyewe."

Kageuka dirishani nisione haya.

Nimechagua. Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika tarehe tu, nikahifadhi.