Aliyetazama ni Mimi

Jumapili, 4 Machi 2012

Kolachi, maandazi yetu ya Kicheki yenye matunda, zimekwisha kabla ya misa ya pili. Za plamu ndizo zilizotangulia, kama kawaida.

Padri ameitaja tena sheria ya ultrasaundi. Imeanza kazi jimboni: mwanamke hatoi mimba mpaka daktari amwonyeshe picha na kumweleza kilichomo, kisha angoje siku nzima. Watu wakapiga makofi. Kanisani, tena Kwaresima! Rosalie, mwenzangu wa benchi, akanipiga kiwiko: "Simama, Dina, makofi yako hayo." Maana mwaka jana nilikwenda Austin na basi la kina mama wa parokia, nikapewa dakika mbili mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Nilisema mwanamke aonyeshwe, basi, macho yake yatamshauri. Daktari mmoja mwanamke, wa upande wa pili, akajibu kwamba wagonjwa wake si watoto wa shule. Nikamwona ana kiburi. Bado namwona ana kiburi.

Nilisimama. Napenda kusifiwa, sifichi.

Binti yangu Janelle hakuja misa. Kichwa kinamuuma, eti.

Jumatatu, 5 Machi

Si kichwa.

Alikuja asubuhi, watoto wakiwa shule. Akasimama jikoni bila kuvua koti. Ana mimba, wiki ya kumi na mbili. Ya Curtis, mumewe, huyo huyo aliyefungasha akahama Oktoba.

"Krismasi alikuja kuwaona watoto," akasema.

Ningecheka kama nisingekuwa mama yake.

Nikaanza. Nilisema yote — tutalea sisi, chumba kipo, baba yake amestaafu, kazi yake kugombana na kuku. Akaniacha nimalize. Kisha akasema ana wawili tayari, anafanya kazi usiku, Mei anamaliza masomo ya uuguzi, na ameshaamua kuitoa.

"Sikuombi ukubali, Mama. Nakuomba uendeshe gari. Hawaruhusu mtu kujiendesha akitoka kliniki."

"Kwa nini mimi? Msimamo wangu unaujua."

"Ndiyo maana. Sitaki uje kuyasikia haya kwa Rosalie. Ila uniahidi kitu kimoja: mle ndani usiseme neno."

Mimi! Mume wangu Alvin husema siku nikifa, mdomo wangu utazikwa kesho yake.

Nikamwambia nitafikiria. Alipoondoka nikakaanga vitunguu, sijui vya nini. Saa kumi nikampigia: nakwenda.

Jumanne, 6 Machi

Nimemdanganya Alvin. Nimesema Janelle ana usaili wa kazi Fort Worth.

"Usaili siku mbili?"

"Hospitali kubwa hiyo."

Akanitazama kidogo, akasema wajukuu, Wesley na mdogo wake, watakula mayai basi, akarudi bandani. Miaka thelathini na mitano ya ndoa, na hajui kunibana nikidanganya. Au anajua, ananihurumia.

Jumatano, 7 Machi

Moteli. Janelle amelala.

Nje ya kliniki walikuwepo kina mama wenye mabango. Nashukuru hakuna ninayemfahamu. Mmoja ana chupa ya chai kama yangu. Akaniambia kwa upole, "Mama, msihi binti yako." Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, kwa sauti ile ile. Nikamwitikia kwa kichwa — mazoea! Janelle aliona.

Daktari ni mzee mrefu, mwenye haya. Alimpaka jeli tumboni, akaomba radhi kwa baridi yake. Akasema sheria inamtaka aonyeshe na aeleze. Kutazama si lazima. Mapigo ya moyo anaweza kukataa kuyasikia. Maelezo, hapana, hayo lazima ayaseme.

"Yaseme," Janelle akajibu, akageukia ukutani.

Daktari akaanza, kama anayesoma tangazo stesheni. Urefu. Viungo. Janelle naye akaanza, kwa sauti, orodha ya dukani: "Maziwa. Sabuni ya unga. Raba za Wesley. Maziwa." Wakawa wanasema pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi kwenye kiti cha plastiki, na skrini imenielekea mimi.

Nikatazama. Ningewezaje kutotazama? Kipo, kidogo, na katikati yake kuna kitu kinapigapiga, chepesi, hakichoki. Nikatamani kusema: Janelle, geuka, mara moja tu. Halafu nikaliona sikio lake. Lilikuwa jekundu, kama lilivyokuwa utotoni akijizuia kulia. Nikaumeza ulimi wangu.

Kule Austin nilimwazia mwanamke akiangalia skrini. Yule aliyegeukia ukuta sikumfikiria. Wala sikumfikiria atakayekaa nyuma yake.

Bado naamini kile ni mtoto. Na nimemwonea mwanangu huruma mpaka kifua kinauma. Na nimeona aibu, sijui hasa kwa lipi. Yote yamo, hayajafukuzana wala hayajapatana.

Jioni tulikula nyama ya kuchoma. Yeye alimaliza sahani, mimi sikuweza. Kesho saa nne, daktari yule yule.

Alhamisi, 8 Machi

Saa moja asubuhi. Mvua nyepesi. Kahawa ya hapa ni maji ya kuoshea vyombo.

Janelle ametoka kuoga, taulo kichwani, akaketi kitandani kwake, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Jana ulitazama, Mama?"

Nikasema ndiyo.

"Nilijua. Uliacha kupumua." Akaivua taulo kichwani. "Ahadi yako nimeifuta. Niambie ulichoona. Usiongeze chumvi, usipunguze."

Nikamwomba anipe dakika nimalize kahawa. Nikachukua daftari badala yake, mkono upate kazi. Mwaka jana dakika mbili zilinitosha mbele ya wanaume kumi na moja wasionijua. Hapa ni mmoja, nimemzaa, na ninaogopa. Nikisema kinapigapiga, nimevunja kitu. Nikisema sikuona vizuri, namdanganya mtu wa pili wiki hii. Na sikio, je? Nalo niliseme?

Hajavaa bado. Hanisukumi. Anakausha nywele taratibu, jicho kwangu.

Sasa ameiweka taulo chini.

"Weka kalamu, Mama."