Chuma Kimenyonya Almasi

Lea weee, shika simu!

Ile ncha ya almasi ya kuchongea ya mradi wangu, moja tu karakana nzima, imelika. Na kesho natetea mradi mbele ya jopo! Nilikuwa nachonga chuma, nikasahau kufungua nitrojeni ya kupoozea, ile ya baridi kali ya kuhifadhia mbegu tuliyomwomba daktari wa ng'ombe!!

Madam Restuta, msimamizi wangu, akaitazama, akasema taratibu, "Haijavunjika, mwanangu. Chuma kikipata moto kinainyonya almasi. Iko humo ndani."

IKO HUMO NDANI, Lea.

Mwanzo wa kipande cha chuma panang'aa kama kioo, mwisho pamefifia. Nikijitazama, uso wangu unapotelea hapo katikati.

"Kesho waonyeshe hicho hicho," kasema. "Ndo wataelewa kwa nini tunapooza."

Nimekuja nacho geto, Miyuji. Nimekigeuzia ukutani, nisijione tena. Njoo ulale huku jamani.