Gego Langu Lina Kiraka, Niling'oe?

Mpendwa Bi Khairiya,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba unitoe katika shida hii kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ambayo mume wangu Salem ameapa kunipeleka kung'olewa gego, na gego lenyewe haliniumi hata kidogo, wallahi. Lilizibwa kwa dawa miaka kadhaa nyuma, likatulia, nikala nyama na kashata bila wasiwasi, kisha mwezi wa Rajabu ukingo wa ile dawa ukamegeka, nikarudi kwa daktari, naye hakuitoa yote, alikwangua pale palipomegeka tu akapaziba upya, akaniambia jino ni zima na hana haja ya kulichimba zaidi. Nilifurahi. Lakini wifi yangu Alawiya aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, akasema jino la viraka halikai, bora litoke niwekewe la dhahabu kama lake, na Salem akishaambiwa jambo na dadake basi hasikii la mtu. Nami nikataka kuwaonyesha kwamba kazi ya daktari ni imara, kwa hiyo kila asubuhi huvunja kokwa ngumu ya popoo kwa gego hilo hilo mbele yao, na si ajabu kwangu, kwani nauza majani ya tambuu na popoo zake za kutafuna hapa kivukoni, na wateja hawanunui popoo mpaka wanione nimeivunja kwa meno wakasikia mlio, ndiyo alama kwamba imekauka sawasawa, na mamangu aliuza vivyo hivyo. Juzi nimehisi kama mchanga ulimini. Sijamwambia mtu. Je, jino lililozibwa juu ya lililozibwa hudumu, au Alawiya asema kweli?

Kuluthum, Timbwani, Likoni
Februari 1961

Bi Kuluthum,

Nilikuwa nakuhurumia mpaka ulipofika kwenye popoo, hapo huruma ikaniisha. Daktari amekutengenezea jino, wewe umeligeuza nyundo, kisha waniuliza litadumu? Hata gego ambalo halijaguswa na daktari lisingeikubali kazi hiyo.

Nimemuuliza daktari wa meno kwa ajili yako. Amesema jino likiwa zima, na palipomegeka pakazibwa vizuri, laweza kukaa miaka mingi, wala halishindwi na lile lililotolewa dawa yote likazibwa upya. Tena kila dawa ikitolewa yote, hutoka na kipande cha jino lako. Si la milele, ndiyo maana hukaguliwa. Wifi yako amesema asilolijua, na dhahabu yake mwachie mwenyewe.

Jumamosi nenda, tena nenda na Salem, lakini si kung'oa. Mweleze daktari habari ya mchanga na habari ya popoo, usimfiche hata moja. Akikuta ukingo umemegeka tena atauziba, na hilo si la kuliliwa. Akikwambia jino lenyewe limepasuka, hapo ndipo mtazungumza habari ya kung'oa, wewe na yeye, Alawiya hayumo. Salem naye mwambie kwa adabu kwamba kinywa ni chako.

Popoo zipasue kwa mkasi wake wa chuma kuanzia leo. Na mteja akisimama mezani pako akataka kusikia mlio, mpe popoo moja bure, aivunje kwa meno yake.