Cheti cha Kutundika Ukutani

Nasra, nimetoka kwenye usaili sasa hivi, nasikia kinyaa.

Lile duka la kompyuta la Msamvu. Bosi kakishika cheti changu cha ufundi wa mitandao ya kompyuta, anatabasamu. Nikajua nimepata.

Eti, "Mdogo wangu, niachie hiki nikitundike ukutani, wateja waone tuna mtaalamu. Wewe nenda tu nyumbani."

Nyumbani, Nasra! NYUMBANI!

Nikamwambia nipe rauta ya intaneti niifunge hapa hapa uone. Akanijibu, "Kazi anafanya mpwa wangu." Mpwa mwenyewe yupo pale anacheza gemu!

Mama kauza karanga zote kule Gairo ili nisome, halafu jitu zima linataka karatasi yangu tu. Khaa!

Nimekinyakua cheti nikatoka.

Sasa mama anapiga simu. Nimwambie nini, shoga? Kwamba cheti kilipata kazi, mimi sikupata?